Namna ya kujiandaa kwa vita vya nyuklia ukiwa Lamu: anza na stoo

Mwezi Mei 2025, siku zile India na Pakistan zilipokuwa zikirushiana makombora, aliingia dukani kwangu Langoni bi mmoja mtu mzima, akasimama mbele ya magunia ya mchele akiyatazama moja moja. "Mwanangu, nipa gunia zima," akasema. "Wasema huko utokako mtele mambo si mema." Nimekaa katika duka hili miaka ishirini na sita, na sikumbuki mteja aliyewahi kunishtua kama yeye. Kila gunia alilokuwa akilitazama lilitoka Pakistan.

Usiku ule nilichukua daftari la mali, nikaligeuza nyuma, nikaandika maneno matatu, kila moja kwenye ukurasa wake: saa, wiki, mwaka. Chini ya kila neno nikaandika nitakachokiona mimi, kwa macho yangu, nikiwa hapa hapa mjini, endapo nchi zenye mabomu ya nyuklia zitapigana. Kazi hiyo ilinichukua siku nne, na nataka nikuonyeshe jinsi ya kuifanya nyumbani kwako. Watu wengi wakisikia neno nyuklia huona uyoga wa moshi juu ya mji, moyo ukavunjika, wakasema tumwachie Mungu. Mungu tunamwachia kila jambo, lakini mashua tunaifunga kamba. Uyoga ule haitarajiwi kuonekana Lamu. Kitakachotufika ni upepo, simu iliyokufa, na baada ya hapo njaa. Njaa ndiyo kubwa kuliko vyote, na ndiyo pekee tunayoweza kuipunguza kwa mikono yetu.

Anza kwa kujua mabomu yako wapi

Nchi zenye silaha hizi ni 9: Marekani, Urusi, China, Ufaransa, Uingereza, India, Pakistan, Israel na Korea Kaskazini. Vichwa vyao vyote vya nyuklia, yaani mabomu yenyewe, kwa jumla ni 12,000 hivi, na karibu tisa katika kila kumi ni vya Marekani na Urusi. Afrika haina hata kimoja. Afrika Kusini iliwahi kuunda 6, ikavivunja yenyewe, na mkataba wa Pelindaba uliotiwa saini Cairo mwaka 1996 unaikataza bara hili lote kuwa navyo. Anayepiga hulenga maghala ya makombora ya adui, bandari za nyambizi zake, makao ya majeshi yake na miji yake mikubwa. Watu huniuliza habari ya wanajeshi wa Marekani walioko ng'ambo ya Manda. Ile ni kambi ndogo iliyowekwa kwa ajili ya al-Shabaab, na sioni mtu mwenye dakika chache za kuamua akiitumia kombora la nyuklia. Kwa hiyo kwenye daftari langu, mlipuko sikuuandikia ukurasa.

Dakika ndizo nilizoziandika kwa wino mwekundu. Kombora kutoka Urusi hadi Marekani huchukua kama nusu saa. Kati ya India na Pakistan ni dakika chache tu, pungufu ya muda wa kuvuka kutoka Mokowe hadi hapa. Na si lazima mtu akusudie. Usiku wa 26 Septemba 1983, mitambo ya Usovieti ilimwambia afisa Stanislav Petrov kwamba Marekani imerusha makombora 5. Alitakiwa atoe taarifa juu. Akajiuliza, nani aanzishe vita vya dunia kwa makombora matano? Akaripoti kuwa mtambo umekosea, na kweli ulikuwa umekosea: setilaiti iliona mwanga wa jua juu ya mawingu ikadhani ni moto wa kombora. Tarehe 9 Machi 2022 India ilifyatua kombora kwa bahati mbaya likaanguka ndani ya Pakistan. Halikuwa na kichwa cha vita, halikuua mtu, na Pakistan ilijizuia. Mimi nikisoma habari kama hizo nasema alhamdulillahi, kisha naandika: siku hiyo ikija huenda isitanguliwe na onyo, kwa hiyo cha kununuliwa kinunuliwe sasa.

Ukurasa wa saa

Huu uwe mfupi. Ninachotarajia kukiona kwanza ni simu kukosa mtandao. Intaneti yetu hufika Mombasa kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, moja wapo inatoka Fujairah. Zaidi ya hapo, bomu likilipuliwa juu sana angani hutoa msukumo wa umeme unaoharibu mitambo iliyo mbali: tarehe 9 Julai 1962 Marekani ilijaribu bomu kilomita 400 juu ya Bahari ya Pasifiki, na baadhi ya taa za barabarani zikazimika Honolulu, kilomita zaidi ya 1,400 kutoka hapo.

Basi jiulize: M-Pesa isipofanya kazi wiki mbili, utanunua nini, na kwa pesa gani? Weka noti ndogo ndogo nyumbani, za hamsini na za mia, kwa sababu siku hiyo hakuna atakayekuwa na chenji ya elfu. Weka redio ya betri, na betri zake uziweke nje ya redio zisije zikavuja. Mwenye duka, daftari la deni liwe la karatasi. Mimi niliwahi kuyahamishia madeni yote kwenye simu, simu ikaanguka majini pale gatini, nikabaki naomba watu wanikumbushe walichokopa. Wengi walinikumbusha kwa uaminifu, Mungu awalipe.

Na video utakazotumiwa saa hizo, zikae kwako. Hofu ikishaingia mjini watu watavamia maduka kabla hata ya kujua kilichotokea.

Ukurasa wa wiki: vumbi na upepo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye hofu kubwa na elimu ndogo.

Bomu likilipuka karibu na ardhi hunyonya udongo na mawe, likavigeuza unga wenye sumu ya mionzi, ukapanda juu kisha ukaanguka popote upepo unapoupeleka. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu kwenye kisiwa cha Bikini, kwenye miamba ya matumbawe kama hii yetu. Mashua ya wavuvi wa Kijapani, Daigo Fukuryu Maru, ilikuwa ikivua tuna zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, ina watu 23. Baada ya saa kadhaa yakaanza kuwashukia majivu meupe. Yalikuwa ni matumbawe yaliyounguzwa. Hawakujua ni nini, wakayazoa kwa mikono mitupu, yakawaingia kwenye nywele na shingoni. Wote waliugua, ngozi zikaungua, nywele zikatoka, na mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, akafariki Septemba ya mwaka huo huo. Kila nikiwaona vijana wa Kizingitini wanashusha samaki nawakumbuka wale 23. Walikuwa kazini tu.

Kwa kisa hicho mtu anaweza kudhani vumbi likifika hapa tumekwisha. Jifunze kanuni moja inayokaa kichwani hata kwa mtoto: kila muda ukizidishwa mara saba, mionzi ya vumbi hushuka ikabaki sehemu moja ya kumi. Ikiwa saa moja baada ya mlipuko ni 1,000, basi baada ya saa 7 ni 100, baada ya siku mbili ni 10, na baada ya wiki mbili ni 1. Vumbi zito huanguka mapema, karibu na mlipuko.

Sasa chukua upepo unaoujua. Kutoka Karachi au Mumbai hadi Lamu ni kilomita 4,000 na ushei. Kaskazi, upepo ule ule uliowaleta mababu wa wengi wetu na majahazi yao, ukivuma kilomita 25 kwa saa bila kupumzika, utatumia siku saba kufika. Kwa kanuni ile, nguvu yake itakuwa imeshuka mara mia kadhaa, na vumbi lenyewe litakuwa limetawanyika na kuanguka baharini njia nzima. Wakati wa kusi upepo unatoka kwetu kwenda kwao. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa wiki andika pia mwezi. Vita vya Julai na vita vya Januari si kitu kimoja kwa mtu wa pwani.

Hata hivyo nyumba iandae, kwa kuwa ni rahisi na haina gharama. Nyumba za zamani za Mkomani zimejengwa kama vile aliyezijenga alijua. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa una unene wa nusu mita hivi. Mionzi hupungua nusu kwa kila sentimita 6 hivi za zege, au sentimita 9 za udongo ulioshindiliwa. Wewe piga hesabu ya nusu mita. Ukitoka kiwandani, yaani uani, unapita msana wa tini na msana wa yuu, kumbi mbili zinazofuatana, ndipo ufike ndani, chumba ambacho hakina dirisha la njiani. Hapo ndipo watoto walale. Kiwandani pasikaliwe, ni wazi juu. Darini penye makuti pana shida yake: makuti hushika vumbi na hayaoshiki, kwa hiyo watu wasilale chini yake siku hizo, hata joto likizidi.

Birika, lile tangi la maji la nyumbani, lifunikwe kwa turubali au mbao. Wale samaki wadogo tunaowaweka kwa kula viluwiluwi vya mbu waacheni humo, kazi yao haisimami. Maji ya kisima cha Shela yako chini ya michanga, vumbi halifiki upesi. Maji ya mvua kwenye jabia, yaani hodhi za kukingia mvua, kwa ndugu zetu wa Pate na Siyu, ndiyo ya kuangaliwa: mvua ya kwanza baada ya habari isikingwe. Aliyetoka nje avue nguo mlangoni, pale dakani kwenye baraza ya kuingilia, azifunge kwenye mfuko, aoge kwa sabuni kuanzia kichwani. Kuvua nguo peke yake huondoa sehemu kubwa ya vumbi. Punda na mbuzi waingizwe chini ya paa na wapewe majani yaliyokatwa mapema. Vidonge vya ayodini vinalinda tezi ya shingoni tu, tena vikinywewa kabla au mara tu mionzi ifikapo, kwa agizo la wakuu wa afya. Kula chumvi nyingi hakuleti kinga hiyo, kunaleta presha.

Nimeandika yote haya kwa sababu ya binti yangu. Yuko Maskati mwaka wa tatu, anafanya kazi hotelini. Karachi na Maskati hazifiki kilomita 1,000, na kaskazi inavuma kutoka huko kuja kwao. Lamu nzima ina watoto kwenye nchi zile, Oman, Imarati, Saudia, na maagizo ya vumbi yanawahusu wao kuliko sisi. Nilimpigia nikamsomea kwenye daftari: ukiona mwanga usiende dirishani kutazama, lala chini, kioo ndicho kitakachokufika. Kisha ingia ndani ya jengo la zege, orofa za katikati, mbali na paa na mbali na ardhi, kwenye korido isiyo na dirisha. Kaa humo siku nzima kwa uchache, na ukiweza siku mbili au zaidi, mpaka redio ya serikali yao iseme. Maji yawe yamewekwa kabla. Usitoke kwenda kumtafuta mtu. Akaniuliza, "Na wewe Baba, nisikutafute?" Nikamwambia tuweke ahadi: simu zikikatika, kila mmoja ahesabu kuwa mwenzake yuko ndani, ametulia, mpaka siku ya kumi na nne. Ahadi hiyo iweke na wako. Mtu anayejua mwenzake anafanya nini hatoki mbio barabarani.

Ukurasa wa mwaka, yaani stoo

Miji ikiungua, moshi mweusi hupanda juu kuliko mawingu, mahali ambapo hakuna mvua ya kuuosha. Masizi yakikaa huko miaka, jua hupungua duniani kote, hata kwa asiyepigana. Volkano ya Tambora ililipuka Indonesia mwaka 1815, na mwaka 1816 Ulaya na Marekani zikakosa kiangazi, theluji ikaanguka Juni, mavuno yakafa. Masizi ya vita hukaa juu muda mrefu kuliko vumbi la volkano. Mwaka 2022 wanasayansi walioongozwa na Lili Xia wa Chuo Kikuu cha Rutgers walipiga hesabu ya mazao: vita vikubwa vya India na Pakistan vingeweza kuua kwa njaa watu zaidi ya bilioni 2 ndani ya miaka miwili, na vita vya Marekani na Urusi zaidi ya bilioni 5. Wataalamu wengine hubishana naye kuhusu kiasi cha masizi kitakachopanda. Mimi mwenye duka naangalia upande mwingine wa hesabu: hata masizi yakiwa nusu, nani atakayetuuzia mchele?

Nenda ukaangalie jikoni kwako, usome kila mfuko umetoka wapi. Mchele wetu wa kila siku mwingi ni wa Pakistan. Ngano ya chapati na mahamri nyingi huagizwa, na Urusi na Ukraini ni wauzaji wakubwa. Mafuta ya kupikia ni ya michikichi ya Malaysia na Indonesia. Mwaka 2022 vita vilikuwa Ukraini tu, havikuwa vya nyuklia, na pamoja na ukame wetu, pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 ikapita shilingi 200. Nakumbuka sura za watu waliokuja na mia wakageuka mlangoni. Siku ambazo nchi zinazouza zitafunga milango zilishe watu wao, hakuna meli itakayoingia Mombasa na chakula chetu, na hakuna lori litakalopita Garsen na Witu kuja Mokowe.

Hesabu ni hii. Mtu mzima aweke nusu kilo ya nafaka kwa siku. Nyumba ya watu 8 inakula kilo 4. Miezi mitatu ni kilo 360, magunia manne ya kilo 90. Usinunue kwa siku moja, utapandisha bei na kumnyima jirani. Kilo 30 kila mwezi, mwaka ukiisha umefika. Changanya mahindi na mtama, na theluthi nyingine iwe kunde, pojo na mbaazi. Nunua nafaka za Mpeketoni wakati wa mavuno.

Unyevu wa pwani ndio adui, ndipo fukusi na kuvu, na kuvu wa mahindi anaua. Kabla ya kuhifadhi fanya jaribio la chumvi: chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi kiasi na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudishe juani juu ya mkeka. Yakikauka tia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo, ukaze sana. Fukusi aliyebaki ndani atakufa kwa kukosa hewa. Usifungue kila wiki kutazama. Mara ya kwanza mimi nilikuwa nafungua, na gunia zima la kunde likawa unga.

Hiyo stoo ni daraja tu la kukuvusha mpaka shamba lizae. Jua likififia, baridi itawamaliza wa kaskazini. Sisi wa karibu na ikweta tuna joto la kutosha kupungukiwa nyuzi chache na bado mmea ukaota. Hofu yangu ni mvua, maana pepo zetu na masika yake zinategemea joto la nchi kavu na bahari. Kwa hiyo muhogo. Mwenye shamba ng'ambo apande hata mistari miwili mwaka huu: unavumilia ukame na unakaa ardhini ukikungoja. Viazi vitamu pia. Weka mbegu zako mwenyewe za mtama na kunde, kwa sababu mbegu za dukani husafiri kwa lori lile lile. Wavuvi wafundishe watoto kukausha ng'onda vizuri, na chumvi iwekwe nyingi. Bahari nayo itapungua samaki jua likipungua, kwa hiyo nyavu za matundu madogo zikomeshwe tangu sasa.

Petroli haitakuwepo. Hapo Lamu imebarikiwa: punda hawanywi petroli. Lakini nilipozunguka gatini kuuliza, mashua nyingi zina injini na hazina tanga, na vijana wengi hawajawahi kushika demani, kamba ya tanga, bila injini nyuma. Ukiwa na tanga kuukuu usilikate turubali. Mtafute fundi wa kushona tanga angali hai, umpe kijana wako akae naye miezi mitatu.

Neno kwa wenye maduka wenzangu. Kuficha chakula ukingoja bei ipande ni ihtikari, na dini yetu imeikataza. Yule bi nilimuuzia kilo 10, nikamweleza kwamba gunia zima kwake ni magunia ishirini kwa mtaa mzima, na mchele utaisha kwa hofu kabla ya kuisha kwa vita. Alikubali. Tukaandikiana jina lake kwenye daftari, kilo 10 kila mwezi, na sasa kuna nyumba kumi na saba kwenye orodha hiyo. Mfanye hivyo mtaani kwenu: nyumba moja ina kisima, nyingine ina shamba, nyingine ina mashua, nyingine ina nesi. Andikeni nani ana nini.

Daftari nalifungua mara mbili kwa mwaka, kaskazi ikianza na kusi ikianza. Nafaka ya zamani inauzwa, mpya inaingia, betri zinabadilishwa. Mara ya mwisho nilipomaliza kuhesabu nilimpigia binti yangu nikamuuliza maji yake yako wapi. "Ndoo nne ziko koridoni, Baba," akasema, "na nimezifunika."